Betri ya gari ikianza kuchoka: pima kwanza, ndipo ununue

Unazungusha ufunguo saa kumi na moja alfajiri. Taa za dashibodi zinawaka kwa unyonge, halafu chini ya boneti inasikika tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani ya bati. Injini haizunguki. Majirani wawili wameshatoka kuja kusukuma, wa tatu amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, anasema, "Hiyo betri imekufa, nunua nyingine." Mara nyingi anakuwa sahihi. Zile mara ambazo amekosea ndizo zinazotafuna pesa za watu, na ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu.

Mimi mwenyewe nilinunua betri mbili ndani ya miezi tisa. Kila nikiegesha gari Ijumaa jioni, Jumatatu haliwaki. Fundi aliitazama betri, akaigonga kwa spana, akasema imekwisha. Nikanunua. Ikafa vilevile, nikanunua nyingine. Kumbe tatizo lilikuwa taa ndogo ya buti: swichi yake ilikwama, kwa hiyo hata buti likifungwa taa inaendelea kuwaka humo ndani na hakuna anayeiona. Taa ya wati 5 inakula takriban ampea 0.4. Kwa saa 24 hiyo ni kama ampea-saa 10, na betri yangu ni ya ampea-saa 45. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi zaidi ya nusu ya chaji imekwenda, na betri ya gari ikizoea kushushwa hivyo haidumu. Betri zote mbili zilikuwa nzima siku nilipozinunua.

Vifaa vya kazi hii ni vichache: mita ya kupimia volti (ya kawaida tu, haizidi bei ya lita kumi za petroli), spana namba 10, msasa au brashi ya waya, magadi kidogo, glavu na miwani. Miwani si mapambo. Ndani ya betri kuna asidi ya salfa, na tone moja likiruka jichoni linaweza kukupotezea jicho. Likikupata, mimina maji safi mengi kwa dakika kumi na tano au zaidi, halafu hospitali.

Hatua ya 1: Sikiliza gari kabla hujafungua kitu

Tik-tik ya haraka maana yake umeme upo lakini hautoshi: ama betri imeshuka, ama waya haujakamata vizuri. Ukisikia "tak" moja nzito kisha kimya, huku taa kubwa zikibaki kali, elekeza macho kwenye stata, ile mota inayozungusha injini, na waya wake. Kimya kabisa bila hata taa ya dashibodi mara nyingi ni teminali iliyochomoka au fyuzi kuu. Na kama injini inazunguka kwa nguvu zake zote ila haishiki, basi iache betri, shida iko kwenye mafuta au plagi.

Dalili ambayo wengi wanaipuuza ni ile ya mapema: asubuhi inazunguka kwa uvivu, ruu… ruu… ruu, halafu inawaka, na mchana kutwa haisumbui. Hapo betri inakuaga. Ukiipima wiki hiyo utanunua kwa nafasi, ukiwa umelinganisha bei. Ukisubiri, utanunua saa mbili usiku pembeni mwa barabara ya Morogoro, kwa yeyote atakayekuletea.

Angalia pia umbo. Betri iliyovimba ubavuni, inayovuja au inayotoa harufu ya mayai viza usiibusti (kuiwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine) wala usiichaji. Hiyo ni ya kutoa tu.

Hatua ya 2: Teminali

Fungua boneti, shika kibano cha waya kilichovishwa kwenye kichwa cha betri, kizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umepata mshukiwa. Stata inavuta ampea nyingi kwa mara moja, zaidi ya mia hata kwenye gari dogo, na mzigo huo haupiti kwenye mguso wa nusunusu. Ukigusa kibano mara tu baada ya kujaribu kuwasha ukakikuta kina joto, umepata jibu bila hata mita.

Ule unga mweupe wenye ubuluu unaoota kwenye teminali ni chumvi zinazotokana na asidi. Usiupulize wala kuushika mikono mitupu. Zima gari, toa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Koroga vijiko viwili vya magadi, haya haya ya kuivishia maharage, kwenye kikombe cha maji ya moto, umwagie kidogo kidogo. Utaona povu linachemka na unga unayeyuka. Povu likikoma, asidi imekwisha. Hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani yanaiharibu asidi inayotakiwa kubaki. Suuza, kausha, kisha sugua kichwa cha betri na ndani ya kibano mpaka uone risasi inang'aa kama imekatwa sasa hivi. Rudisha, kaza, halafu ndipo upake grisi au vaselini juu yake. Grisi inakaa nje ya mguso.

Ukikuta fundi aliyepita amepachika kipande cha kopo au msumari kati ya kibano na kichwa cha betri, kitoe. Mara nyingi hiyo ni alama kwamba gari liliwekewa betri yenye vichwa vyembamba kuliko vibano vyake. Nitalirudia hili kwenye kuchagua.

Baada ya kusafisha, jaribu kuwasha. Magari mengi yanapona hapa.

Hatua ya 3: Vipimo vitatu

Weka mita kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, na uguse kichwa chenyewe cha betri badala ya kibano.

Kipimo cha kwanza ni gari likiwa limelala usiku kucha. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Chini ya hapo ihesabu kuwa tupu. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo ndipo upime, la sivyo mita itakuonyesha chaji ya juujuu. Kuna namba moja ya kuikariri: 10.5. Betri ya volti 12 ni vyumba sita vya volti 2.1 kila kimoja. Ukiichaji usiku kucha halafu ikasoma 10.5 tu, chumba kimoja kimekufa. Usiingie gharama yoyote zaidi juu yake.

Kipimo cha pili kinahitaji mtu wa kukusaidia. Yeye anapiga stata, wewe unatazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka hata kama ilipolala ilisoma vizuri. Ikibaki kwenye 12 huku gari limekaa kimya, betri haina kosa. Umeme haufiki kwenye stata. Hapo weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye kibano chake, mwenzio apige tena. Mita ionyeshe karibu na sifuri. Ikifika nusu volti, umeme unapotelea kwenye huo mguso.

Cha tatu ni injini ikiwa inaunguruma, na hiki ndicho kinachookoa pesa. Mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa, feni na AC. Isishuke chini ya 13.5 au karibu na hapo. Ikibaki 12 na pointi, alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, haifanyi kazi, au mkanda wake umelegea, na betri mpya utakayoweka itakufa ndani ya siku mbili. Ikipanda zaidi ya 15, alteneta inaipika betri: maji yanakauka, sahani zinaharibika, na mwenye gari anailaumu betri.

Hapa nina ombi kwa kila msomaji. Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri gari likiwa linaunguruma, wakisema likizima alteneta ni mbovu. Usikubali, hata kama anakuambia amefanya hivyo miaka ishirini. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa, volti zinaruka ghafla, na kinachopigwa ni kontroli boksi ya injini, ambayo bei yake inanunua betri kadhaa. Mita inatoa jibu lile lile kwa sekunde tano bila kuchomoa kitu.

Hatua ya 4: Nani anakula umeme usiku?

Kama vipimo vyote vitatu ni vizuri lakini gari likilala siku mbili haliwaki, tafuta mlaji. Hamishia waya wa mita kwenye tundu la ampea 10 na usogeze swichi yake huko. Toa waya wa hasi wa betri, kisha unganisha mita kati ya waya huo na kichwa cha hasi, umeme upite ndani ya mita. Funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Usiwashe gari wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita.

Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.3 au 0.5, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi. Wanaokutwa mara kwa mara ni redio ya skrini kubwa iliyofungwa na fundi wa mtaani, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na taa ya buti kama yangu. Taa hiyo unaweza kuikamata bila mita: weka simu inarekodi video ndani ya buti, lifunge, kisha tazama.

Hatua ya 5: Kuliwasha leo, na kuichaji sawasawa

Kubusti kuna mpangilio wake, na mpangilio una sababu. Magari yasigusane. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho ya mweusi usiipeleke kwenye betri iliyokufa. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Muunganisho wa mwisho hutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kwa sababu hiyo hiyo, sigara iwe mbali. Washa gari la msaada, ngoja dakika tano, kisha piga stata ya lako. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma, ukianza na ile ncha ya mwisho. Ukibadilisha chanya na hasi, fyuzi kuu na daiodi za alteneta ndizo zinazolipa.

Kusukuma kunasaidia gari la gia za mkono tu. La otomatiki mtalisukuma mpaka Chalinze haliwaki.

Halafu usidhani dakika ishirini za kuendesha zimejaza betri. Kwenye foleni ya Ubungo, AC inavuta, taa zinawaka na injini iko silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), alteneta inatoa kidogo sana cha ziada. Betri iliyoshuka kabisa inahitaji chaja, na chaja ya taratibu: ampea zisizidi takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Ya ampea-saa 45 ichajiwe kwa ampea 4 au 5, usiku kucha. Mwambie hivyo mchajishaji wako, maana wengine wanaibamiza kwa ampea nyingi ili wahudumie wateja wengi.

Kama ni betri yenye vifuniko vya kufungua, angalia maji. Yafunike sahani. Yakipungua, ongeza maji yaliyotengenezwa kwa mvuke peke yake. Dukani chupa za asidi na za maji hukaa rafu moja na watu wanaziita zote "maji ya betri", kwa hiyo soma kibandiko. Asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Ukiongeza asidi unaila betri. Maji ya kisima ya huku pwani, yenye chumvi, ni mabaya zaidi.

Hatua ya 6: Kuchagua betri mpya

Joto ndilo adui mkubwa wa betri huku kwetu. Dar, Tanga, Mombasa, betri ya kawaida ikifika miaka mitatu imejitahidi. Kwa hiyo umri wa betri unaohesabika unaanzia ilipotengenezwa, si siku uliyoinunua. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki au kibandiko, na kama ni herufi za siri mwambie muuzaji akusomee. Betri iliyojazwa tayari ikakaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, sahani zake zimeanza kuganda salfeti. Nenda na mita yako dukani. Chini ya 12.4, muombe nyingine.

Ukubwa usichague kwa kukisia. Magari mengi yetu ni ya Japani, na betri zake zina namba kama 46B24L. Ya kwanza, 46, ni daraja la nguvu. Ikiwa kubwa zaidi ni heri. B ni kundi la upana na kimo: B ni kama sentimita 13 kwa upana, D ni kama 17. Namba 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa vichwa: simama upande ambao vichwa viko karibu nawe, hasi ikiwa kushoto na chanya kulia, hiyo ni L, R ni kinyume. Wanaokosea hapa hujikuta wanavuta waya wa chanya juu ya betri mpaka unakaribia kugusa chuma, na huo ni moto unaosubiri barabara mbovu. Mwishoni ukiona S, kama 46B24LS, vichwa ni vinene. Kwenye kundi la B, bila S ni vyembamba. Hapo ndipo kile kipande cha kopo kilipotokea.

Madukani utasikia majina ya zamani. NS60L ni hiyo hiyo 46B24L. N70, ya pikapu na magari ya dizeli, ni 65D31. Kupanda daraja hakuna ubaya, mradi ikae kwenye sahani yake, ibanwe, na vichwa visifikie boneti.

CCA, namba ya kibandikoni inayoonyesha nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, inapimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo sisi hatuijui, lakini ni namba nzuri ya kulinganisha betri mbili za ukubwa mmoja. Kwa dizeli ipe uzito zaidi.

Kama gari lako linajizima lenyewe kwenye taa za barabarani, kama Mazda nyingi, kibandiko kitakuwa na namba kama M-42, N-55 au Q-85. Hizo ni betri zilizotengenezwa kwa kuwasha mara nyingi. Ukiweka ya kawaida haitachukua muda. Prius nyingi na Aqua zina betri ya volti 12 nyuma, ndani ya gari, yenye kijipaipu cha kutolea gesi nje. Hakikisha kijipaipu kimerudishwa. Fuso na wenzake wa volti 24 hutumia betri mbili: badilisha zote pamoja, maana kuukuu itaiburuta mpya.

"Betri kavu" inayouzwa si kavu. Ina asidi ile ile, ila imefungwa ili usihangaike kuongeza maji. Nzuri kwa asiyefungua boneti. Anayependa kukagua gari lake, yenye vifuniko bado ina faida huku kwenye joto. Betri ya sola iache kwenye sola. Sahani zake si za kutoa nguvu ya ghafla.

Na betri iliyofufuliwa, iliyomwagwa asidi ya zamani ikawekewa mpya na kibandiko kipya, itasoma vizuri kwenye mita na hata kwenye haidromita (kipima uzito wa asidi), kwa sababu ni asidi inayopimwa. Sahani zake ni zile zile. Tazama vichwa: vikiwa na mikwaruzo ya vibano, betri hiyo imeshavaliwa. Dai risiti yenye tarehe, namba ya betri na muda wa dhamana.

Hatua ya 7: Kuifunga

Kutoa, hasi kwanza. Spana ikiteleza ukiwa kwenye chanya huku hasi imefungwa, ikagusa bodi, inaweza kuganda hapo hapo ikiwa nyekundu. Kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Kisha kaza kile chuma kinachoibana betri kwenye sahani yake. Wengi wanakitupa au wanafunga na mpira wa tyubu. Mtikisiko wa barabara unavunja sahani ndani, na hakuna dhamana itakayolipia hilo. Baada ya hapo silensa inaweza kuyumba kidogo na vioo vya umeme kusahau mpaka wa juu. Acha injini iungurume dakika kumi, vioo vipandishe mpaka mwisho na ushikilie kitufe.

Betri kuukuu irudishe dukani wakati huo huo, wengi hupunguza bei kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Usimpe anayeipasulia uani kwake. Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa, kiliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na sumu ya risasi ikawaingia watoto. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyeongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Wala asidi yake usiimwage mtaroni.

Ukimaliza, andika tarehe juu ya betri kwa kalamu ya maka, pamoja na volti uliyosoma siku hiyo. Kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla ya kuwasha, pima na uandike chini yake. Namba ikianza kushuka mwezi baada ya mwezi, rudi hatua ya pili.